Historia: Redio ndogo iliyofichua safari ya ndege usiku

Kila mwaka, baridi inapoingia Ulaya, mbayuwayu huvuka jangwa la Sahara na wengine wao hufika hapa Kongo. Kwa muda mrefu watu waliwaona ndege wakija na kuondoka, bila kujua walikopita. Mwaka 1899, mwalimu wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alianza kuwavalisha ndege aina ya kwezi pete za aluminiamu mguuni, zenye anwani. Pete ilieleza ndege alivalishwa wapi na ameokotwa wapi, basi. Njia ya katikati ilibaki giza, na giza kwelikweli, kwa sababu ndege wengi waimbaji husafiri usiku.

Aliyeifungua njia hiyo ni William Cochran, fundi wa redio wa jimbo la Illinois, Marekani. Katika miaka ya 1960 alitengeneza chombo cha kurusha mawimbi, chepesi cha kutosha kubebwa na ndege wa gramu 30 hivi. Kilibandikwa mgongoni, na uzi mwembamba wa antena ukaning'inia nyuma. Hakikutoa maneno, ila mlio mfupi uleule, tena na tena. Anayemfuata ndege hugeuza antena huku na huku, kama mtu anayetafuta stesheni kijijini: mlio ukizidi nguvu, ndiko ndege aliko.

Shida ilikuwa barabarani. Gari lenye antena juu ya paa hufuata barabara inavyopinda, ndege hangoji. Akiwa angani mlio husikika mbali, akitua msituni miti huumeza. Hata hivyo, mwaka 1973 Cochran alimfuata ndege mmoja wa kahawia, ambaye Wamarekani humwita Swainson's thrush, kutoka Illinois hadi Manitoba nchini Kanada, karibu kilometa 1500, usiku baada ya usiku. Mchana ndege huyo alishuka kula na kupumzika. Kwa walinzi wa mazingira, hapo ndipo penye uzito: kulinda msitu anakozalia hakutoshi, kama vichaka vya njiani vinavyomlisha vimefyekwa.

Swali lingine lilikuwa namna anavyoijua njia. Mwaka 2004, Cochran, Henrik Mouritsen na Martin Wikelski walitangaza jaribio lao katika jarida la Science. Jua lilipokuwa likitua, waliwaweka ndege ndani ya nguvu ya sumaku iliyogeuzwa upande wa mashariki, kisha wakawaachia gizani. Badala ya kuelekea kaskazini, wakaenda magharibi. Siku iliyofuata walitazama machweo ya kawaida, na usiku huo wakarudi kwenye mwelekeo wao. Kumbe kila jioni ndege hurekebisha dira yake kwa mwanga wa machweo.

Leo kazi ya kufukuzana na ndege kwa gari imepungua. Katika mtandao wa Motus, unaosimamiwa na Birds Canada, antena zilizosimikwa katika nchi mbalimbali hunasa zenyewe mlio wa kila ndege anayepita karibu.