Seli za Neva Zilipoachwa Peke Yake

Rudolf Virchow, tabibu wa Ujerumani, aliandika mwaka 1856 kwamba katikati ya seli za neva kuna kitu kinachozishikilia zisiachane. Maelezo hayo yaliwaridhisha wengi kwa zaidi ya karne moja. Kuwaza, kukumbuka na kuhisi vikahesabiwa kuwa kazi ya neva. Glia, yaani seli zilizo katikati ya hizo neva, zikaonekana kuwa za kujazia nafasi tu.

Kulikuwa na swali jepesi kuliuliza: neva zikikosa glia zitakuwaje? Kulijibu ndiko kulikoshindikana. Ukiotesha kipande cha ubongo wa panya maabarani, glia zimo, tena huongezeka upesi, ilhali neva hazigawanyiki.

Ben Barres alikuwa daktari aliyesomea magonjwa ya neva, na glia zilizojaa kwenye ubongo wa wagonjwa zilimtatiza kiasi cha kumrudisha darasani, Harvard, kutafuta shahada ya uzamivu. Mwaka 1988 yeye na wenzake walieleza mbinu yao ya kuzitenga neva. Visahani vya maabara vilipakwa kingamwili zinazonata kwenye aina moja tu ya seli. Seli za retina ya jicho la panya zikamwagwa humo, zinazotakiwa zikanasa, nyingine zikaoshwa. Ni kuchambua mchele, ila punje hazionekani kwa macho. Kwa maoni yangu, kila alichogundua baadaye kilianzia kwenye visahani hivyo.

Alipita London, kwa mtafiti Martin Raff, ambako walionyesha kwamba karibu nusu ya glia zinazofunika nyuzi za neva hufa panya anapokua, tena panya mzima asiye na ugonjwa. Mwaka 1993 akafungua maabara yake Stanford.

Huko jibu likapatikana. Mwaka 1997 Barres na Frank Pfrieger waliripoti kwamba neva za retina zilizotengwa ziliishi na kurefusha nyuzi, lakini hazikuzungumza sana. Zilipowekewa glia, mazungumzo yalipamba moto. Mwaka 2001 maabara hiyo ilihesabu sinapsi, yaani mahali neva zinapopokezana ujumbe: zilikuwa mara saba zaidi palipokuwa na glia aina ya astrosaiti. Hata kwenye mwili wa panya, nyuzi za neva za jicho hufika ubongoni kabla ya kuzaliwa, lakini sinapsi nyingi hungoja hadi astrosaiti zitokee.

Mwaka huohuo wa 1997 Barres, aliyezaliwa na kulelewa kama msichana, alianza kuishi kama mwanamume. Baadaye alisimulia katika jarida la Nature jinsi mtu mmoja alivyosikia mhadhara wake akasema kazi yake ni bora kuliko ya dada yake. Dada huyo alikuwa yeye mwenyewe.

Ikabaki kujua glia hutoa nini kinachofanya sinapsi zijengeke. Mwaka 2005 maabara ilitaja protini ziitwazo thrombospondini. Mwaka 2009 mtafiti Cagla Eroglu na wenzake wakaonyesha pale protini hizo zinaponasa kwenye neva, na mahali penyewe palikuwa panajulikana tayari kwa wafamasia: ndipo inaponasa gabapentini, dawa ya kifafa ambayo hata wagonjwa wa kisukari wanaosumbuliwa na miguu kuwaka moto huandikiwa. Kwa panya, dawa hiyo ilizuia sinapsi mpya kutengenezwa. Zilizokwisha kujengeka haikuzigusa.