Modeli ya treni ya dizeli: Kifaa kidogo chenye hesabu nzito

WENGI wanapoiona treni ndogo ikizunguka juu ya meza, hudhani ni kitu cha kuchezea watoto. Kwa waraibu wa modeli za reli, hasa nchini Uingereza, hicho ni chombo cha kupimwa kwa rula, kuchunguzwa na kuhifadhiwa.

Katika modeli hizo, treni ya dizeli ya abiria wa kila siku ina nafasi ya pekee. Haina fahari ya garimoshi la mvuke wala nguvu ya kichwa cha kuvutia mizigo. Hata hivyo, kuiunda ipasavyo ni kazi ngumu, na sababu yake ni madirisha.

Mfano mzuri ni treni iitwayo Class 101. Treni halisi iliundwa na kampuni ya Metro-Cammell mjini Birmingham kuanzia 1956. Wakati huo shirika la reli la Uingereza lilikuwa likitekeleza mpango wa 1955 wa kuachana na injini za mvuke.

Treni hiyo haikuhitaji kichwa cha kuivuta. Kila behewa lenye nguvu lilikuwa na injini mbili za dizeli zilizolazwa chini ya sakafu, kila moja ikiwa na nguvu za farasi 150. Dereva alikuwa na chumba chake mwishoni mwa treni, na alipofika kituo cha mwisho alihamia upande wa pili na kurudi alikotoka bila kugeuza chochote.

Kwa kuwa injini zilikuwa chini, sehemu yote ya juu ilibaki kwa abiria. Walioketi mbele waliweza hata kumwona dereva na reli kupitia kioo cha chumba chake.

Hapo ndipo mtengenezaji wa modeli hukwama. Garimoshi la mvuke lina tangi kubwa la duara ambamo mota ya umeme hufichwa bila mtu kujua. Treni ya dizeli ya abiria ina madirisha pande zote, na lolote lililowekwa ndani huonekana.

Kampuni ya Tri-ang ilitoa modeli ya treni ya Metro-Cammell mwishoni mwa miaka ya 1950. Lima ya Italia nayo ilitoa yake miaka mingi baadaye. Katika modeli nyingi za zamani za aina hii, mota ilichukua nafasi ya viti, na aliyechungulia dirishani aliona chuma na nyaya mahali palipostahili kuwa na abiria.

Modeli bora za siku hizi hutumia mota nyembamba inayolala chini kabisa, pamoja na gurudumu dogo zito la kuituliza ili treni isiondoke wala kusimama kwa kushtuka. Viti huonekana, na taa nyeupe huwaka mbele huku nyekundu zikiwaka nyuma.

Vipimo

Modeli nyingi za Uingereza hufuata kipimo kiitwacho OO, ambapo milimita 4 huwakilisha futi moja. Kwa maneno mengine, kitu halisi hupunguzwa takriban mara 76. Behewa la Class 101 lilikuwa na urefu wa futi 57, hivyo modeli yake inapaswa kuwa na milimita 228.

Lakini kipimo hicho kina kasoro ya tangu jadi. Reli zake zimeachana kwa milimita 16.5, ilhali hesabu sahihi ingekuwa milimita 18.83. Ingekuwa treni halisi, reli zingekuwa zimesogezwa karibu kwa takriban inchi saba.

Chanzo ni mota za zamani. Treni za Uingereza ni nyembamba kuliko za bara Ulaya, na mota za wakati huo hazikutosha kwa urahisi katika modeli zilizopunguzwa mara 87, kipimo ambacho reli za milimita 16.5 zililingana nacho. Watengenezaji wakapanua mabehewa na kuziacha reli zilivyokuwa. Kosa hilo limedumu hadi leo, kwa sababu kulirekebisha kungewatupia mamilioni ya wateja reli walizokwisha kununua.

Umeme na utunzaji

Modeli ya kawaida huendeshwa kwa umeme wa hadi volti 12 unaopita katika reli zenyewe. Nguvu ya umeme ikiongezwa treni hukimbia, na mkondo ukigeuzwa treni hurudi nyuma. Katika mfumo wa kisasa wa kidijitali, kila treni hubeba kifaa chenye nambari yake, na treni kadhaa huendeshwa kwenye reli moja bila kugombana.

Adui mkubwa ni vumbi. Reli na magurudumu yakichafuka, umeme hukatika na treni husitasita. Hupaswa kufutwa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, na gia kutiwa tone dogo tu la mafuta yasiyodhuru plastiki.

Anayenunua modeli iliyotumika achunguze pia rangi. Class 101 ilianza ikiwa ya kijani, yenye mistari mithili ya masharubu usoni. Baadaye ilipakwa manjano mbele ili wafanyakazi wa reli waione mapema, kisha ikaja buluu. Modeli yenye rangi za miaka tofauti haiwakilishi treni yoyote iliyowahi kuwapo.

Kwa nini usahihi wote huu? Mnamo 1963 ripoti ya Dkt Richard Beeching ilipendekeza kufungwa kwa zaidi ya stesheni 2,000 nchini Uingereza, na njia nyingi za vijijini zikang'olewa. Class 101 nayo ilistaafishwa 2003. Baadhi zimehifadhiwa, lakini kwa wengi modeli ndiyo iliyobaki ya treni iliyowapeleka shuleni na kazini.

Suala hilo linatuhusu pia. Mnamo 2020 Kenya ilileta treni za dizeli za aina hii zilizokuwa zimetumika katika kisiwa cha Mallorca, Uhispania, ili zibebe abiria wa Nairobi. Ziliweza kutumika kwa kuwa reli ya kule, kama reli yetu ya zamani, ina upana wa mita moja.

Mraibu anayetaka kuunda modeli yake hahitaji kubuni reli mpya. Mita moja ikipunguzwa mara 87 huwa takriban milimita 11.5, na reli za milimita 12 zinazokaribiana sana na kipimo hicho huuzwa tayari barani Ulaya.

Kinachohitajika ni vipimo na picha za kila upande, zilizopigwa kwa idhini ya wahusika, wakati treni zenyewe zingali zinaonekana. Treni ikishakatwa vyuma vikuukuu, hakuna rula itakayoipima tena.