Sumu Iliyotupwa Mto Kongo

Mwaka 1975, maofisa wawili wa shirika la kijasusi la Marekani, CIA, walihojiwa kwa kiapo na kamati ya Seneti kuhusu sumu iliyopelekwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, kumuua Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo. Mmoja alikuwa mwanakemia Sidney Gottlieb, aliyeibeba mwenyewe. Alisema aliitupa Mto Kongo kabla ya kuondoka mapema Oktoba 1960. Mwingine, Lawrence Devlin, mkuu wa kituo cha CIA mjini humo, alikumbuka kwamba mgeni wake alipoondoka, sumu ilibaki ndani ya sefu ya ofisi, ikaja kutupwa mtoni baadaye. Kamati haikumchagua mkweli kati yao. Iliandika kauli zote mbili na kuziacha ziishi pamoja katika ripoti moja.

Nyaraka za kamati hiyo zina thamani kubwa kwa mtafiti wa historia ya Afrika, na sababu yake inaonekana hapo. Jalada la ofisi ya ujasusi huandikwa na mtu anayechunga asiache alama. Kumbukumbu za uchunguzi ni kitu kingine: mtu yuleyule ameketi, ameapa, anaulizwa alichokiacha bila kukiandika.

Kamati yenyewe ilizaliwa na habari ya gazeti. Tarehe 22 Desemba 1974, Seymour Hersh aliandika katika New York Times kwamba CIA ilikuwa ikiwapeleleza raia wa Marekani ndani ya nchi yao. Mwezi uliofuata, tarehe 27, Seneti ilipiga kura 82 kwa 4 kuunda kamati teule chini ya Frank Church wa Idaho. Watu wapatao 800 walihojiwa, na nyaraka 110,000 zikapekuliwa. Mengi yaliyofichuliwa yalihusu Wamarekani: barua zilizofunguliwa kwa siri, telegramu zilizonakiliwa, Martin Luther King Jr. aliyeandamwa na shirika la upelelezi la FBI. Ripoti inayotugusa sisi ilitoka tarehe 20 Novemba 1975. Ilihusu njama za kuwaua viongozi wa nchi za nje, na Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi tano zilizochunguzwa. Rais Gerald Ford alitaka ibaki siri. Kamati ikaichapisha.

Sehemu ya Lumumba inastahili kusomwa polepole. Tarehe 18 Agosti 1960 Baraza la Usalama la Taifa lilikutana mbele ya Rais Eisenhower. Mwandishi wa kumbukumbu za kikao, Robert Johnson, aliieleza kamati miaka 15 baadaye kwamba alimsikia Rais akitamka maneno ambayo kwake yalikuwa amri ya kumuua Lumumba. Katika kumbukumbu alizoziandika mwenyewe, amri hiyo haimo. Wengine waliokuwamo chumbani walisema hawakusikia kitu cha namna hiyo. Nimeirudia sehemu hii mara nyingi, na kila mara nasimama hapohapo: mwenye kalamu ndiye anayetuambia kwamba kalamu yake haikusema yote.

Siku nane baadaye, Allen Dulles, mkurugenzi wa CIA, alituma ujumbe Léopoldville kwamba kumwondoa Lumumba kuwe lengo la haraka na la kwanza. Kumwondoa wapi? Madarakani, au duniani? Hata kwa Kiswahili neno lina milango miwili, na maofisa walioulizwa walipita kila mmoja mlango wake. Kamati iliyakemea waziwazi maneno haya ya kuzunguka, yaliyomwezesha mkubwa kukana na mdogo kutekeleza. Septemba ujumbe mwingine ulifika: atakuja mtu, atajitambulisha kama Joe kutoka Paris. Mtu huyo alikuwa Gottlieb. Ujumbe uliohusu kazi yake ulitiwa alama ya PROP ili usomwe na macho machache mno. Miongoni mwa mbinu zilizofikiriwa ilikuwa kutia sumu kwenye chakula au dawa ya meno.

Lumumba hakufa kwa sumu hiyo. Alitoroka Léopoldville mwishoni mwa Novemba, akakamatwa, akafungwa Thysville, na tarehe 17 Januari 1961 akapelekwa kwa ndege Katanga pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Wote watatu walipigwa risasi usiku huo, karibu na Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Kamati ilisema haikupata ushahidi kwamba CIA ilihusika na mauaji yenyewe.

Msomaji mpya aangalie majina. Katika ripoti ya 1975 Gottlieb anaitwa Joseph Scheider, na Devlin ni Victor Hedgman. Anayetafuta majina yao halisi katika kurasa hizo atatoka mikono mitupu. Kuna pengo zito zaidi: mwaka 1973, kabla kamati haijaundwa, majalada mengi ya majaribio ya kemikali yaliyosimamiwa na Gottlieb yalikuwa yameshateketezwa kwa amri ya mkurugenzi wa CIA, Richard Helms.

Ubelgiji, iliyokuwa imeitawala Kongo, ilichelewa zaidi kuchunguza. Baada ya kitabu cha Ludo De Witte cha 1999 kuhusu mauaji hayo, bunge lake liliunda tume, nayo mwaka 2001 ikahitimisha kwamba baadhi ya mawaziri na Wabelgiji wengine walibeba dhamana ya kimaadili kwa kifo cha Lumumba. Serikali iliomba radhi Februari 2002. Washington nayo, iliyokuwa imechapisha mwaka 1994 juzuu la nyaraka za kidiplomasia za Kongo likiwa na ukimya mkubwa kuhusu operesheni za siri, ilitoa juzuu jingine mwaka 2013 kuziba pengo hilo, ingawa baadhi ya mistari bado imefutwa.

Kwa kizazi kilichomwombolezea Lumumba, hata kukawa na Mtaa wa Lumumba pale Dar es Salaam, karatasi hizi zilibeba mzigo usio wa kawaida, kwa kuwa hapakuwa na kaburi. Polisi wa Kibelgiji waliikatakata miili ya watatu hao na kuiyeyusha kwa tindikali. Mmoja wa polisi hao alibaki na jino la Lumumba. Ubelgiji ililikabidhi kwa familia Juni 2022, likazungushwa nchini Kongo ndani ya jeneza, na tarehe 30 ya mwezi huo, siku ya uhuru wa Kongo, likazikwa Kinshasa.