Mkweche

Mkweche, wingi mikweche, ni gari kuukuu lililochakaa. Neno lina dharau kidogo, na dharau hiyo hudanganya. Lori la Bedford TJ, aina iliyoanza kuundwa Uingereza mwaka 1958, likikutwa ghalani huko Ugalla, mkoani Katavi, na boneti imeliwa na kutu, halitambuliwi kwa injini, maana injini hubadilishwa. Hutambuliwa kwa namba iliyogongwa kwenye chasisi. Chasisi ikiwa nzima, mkweche hufufuliwa: breki na mabomba ya mafuta kwanza, rangi mwisho, ingawa wengi hukimbilia rangi. Bodi ya mbao haisumbui sana, kwani mninga huota katika miombo ya Katavi. Chasisi ikikatwa, mkweche umekwisha. Kinachobaki ni skrepa ya kupimwa kwa kilo.