Fenobabitoni, Maziwa na Mfupa wa Paja Kajiado

Mwaka 1931 John Boyd Orr na John Gilks walichapisha ripoti iliyowalinganisha Wamaasai na Wakikuyu. Mwanamume wa Kimaasai, waliandika, alimzidi Mkikuyu kwa inchi 5 na ratili 23, na sababu waliiona katika maziwa, nyama na damu. Kwa Wakikuyu waliotegemea nafaka walikuta ulemavu wa mifupa na meno yaliyooza. Ripoti hiyo imekosolewa sana, maana ilipima miili pasipo kuuliza ardhi ilikwenda wapi, ilhali Wamaasai walikuwa wameshahamishwa kutoka Laikipia kwa mkataba wa 1911. Hata hivyo, sifa ya mfupa imara wa mfugaji ilibaki, na ndiyo pingamizi la kwanza mtu akisema kwamba dawa ya kifafa yaweza kudhoofisha mfupa wa paja wa mtu wa Kajiado, kaunti ya Wamaasai nchini Kenya.

Dawa yenyewe ni kongwe. Alfred Hauptmann wa Freiburg alieleza mwaka 1912 kwamba fenobabitoni hutuliza degedege, na kwa kuwa ni rahisi ndiyo iliyofika zahanati za vijijini. Mwishoni mwa miaka ya 1960 madaktari wa Ujerumani na Uingereza walianza kuona mifupa laini kwa wagonjwa walioitumia kwa muda mrefu: dawa huchochea ini kuivunjavunja vitamini D upesi. Wapo wanaosema kinachovunja mfupa ni kuanguka, si kidonge. Kuanguka kunavunja, ndiyo, lakini utafiti wa Denmark wa 2004, uliozingatia kama mtu ana kifafa au hana, bado ulikuta uwezekano wa kuvunjika mfupa ni mara 1.79 kwa watumiaji wa fenobabitoni, na mara 1.18 tu kwa wale wa kabamazepini, dawa nyingine ya kifafa. Kwetu Kenya, jaribio la Nakuru lililotolewa 1991 lilikuta dawa hizo mbili zinazuia kifafa sawasawa. Lilifuatilia wagonjwa mwaka mmoja, muda unaotosha kuhesabu degedege. Mfupa huliwa polepole zaidi.

Basi jua na maziwa je? Vipimo vya Wamaasai wa Tanzania wanaoishi kimila, vilivyochapishwa 2012, vilionyesha wastani wa vitamini D wa nanomoli 119 kwa lita, kiwango cha juu sana. Mchungaji wa namna hiyo ana akiba ambayo mgonjwa wa Ulaya hakuwa nayo, na kumtisha kwa takwimu za Denmark si haki. Lakini Kitengela, mji wa Kajiado, imebadilika. Ardhi ya pamoja ilianza kugawanywa miaka ya 1980, na baada ya sheria ya 1990 viwanda vya EPZ, vinavyotengeneza bidhaa za kuuza nje, katika mji jirani wa Athi River vikaleta wapangaji. Anayeshona nguo kutwa chini ya paa, akanunua maziwa ya pakiti ya kutilia chai tu, anaishi karibu na yule mchungaji bila kuwa na akiba yake.

Hakuna hoja hapa ya kuacha dawa: degedege lisilotibiwa huua, hasa karibu na moto na maji. Wengine watasema mashine ya kupima uzito wa mfupa ni ghali mno kwa zahanati. Ni kweli, ila kumuuliza mgonjwa amemeza kidonge miaka mingapi, anashinda wapi mchana, anakunywa maziwa kiasi gani na ameanguka mara ngapi hakuhitaji mashine.