Kwa nini Poland ilikua 2009 wakati Latvia ikianguka

Mwaka 2009 ulikuwa mbaya kwa Ulaya nzima. Kati ya nchi 27 zilizokuwa kwenye Umoja wa Ulaya (EU) wakati huo, ni moja tu ambayo uchumi wake ulikua: Poland. Ukivuka Lithuania ukaingia Latvia, hali ilikuwa kinyume kabisa. Uchumi ulisinyaa kwa zaidi ya asilimia 14 ndani ya mwaka mmoja.

Nchi zote mbili zilitoka kwenye ujamaa, na zote ziliingia EU siku moja, 1 Mei 2004. Soko ni lile lile, kanuni za biashara ni zile zile. Sasa ilikuwaje?

Soko la zamani lilivyokufa

Hadi 1991 nchi za kijamaa za Ulaya Mashariki ziliuziana bidhaa kupitia Comecon, jumuiya ya kiuchumi iliyoongozwa na Moscow. Mafuta na gesi vilitoka Urusi kwa bei nafuu, na bidhaa za viwandani zikapelekwa huko bila kuulizwa sana ubora. Comecon ilipovunjwa, viwanda vingi vilibaki bila mteja.

Mwaka 1998 ruble ya Urusi ilianguka. Waliokuwa bado wanategemea soko hilo, wakiwemo wasindikaji wa samaki wa makopo wa Latvia, waliumia mara ya pili. Kwa hiyo kuingia EU hakukuwa siasa tu. Ilikuwa kutafuta mnunuzi mwingine.

Mikopo ya yuro, mshahara wa lats

Baada ya 2004 hela ziliingia Latvia kwa kasi. Benki za Uswidi, hasa Swedbank na SEB, zilikuwa zimeshika sehemu kubwa ya soko la mikopo, na nyumba zilipanda bei kila kukicha. Mikopo mingi ilikuwa ya yuro, ilhali watu walilipwa mshahara kwa lats. Nani angejali? Tangu 2005 lats ilikuwa imefungwa kwa yuro kwa kiwango kisichobadilika, na riba ya yuro ilikuwa nafuu.

Mwaka 2008 mikopo ilikauka duniani kote. Novemba, serikali ililazimika kuichukua Parex, benki kubwa kuliko zote zilizokuwa mikononi mwa wazawa. Desemba ukaja mpango wa uokoaji wa yuro bilioni 7.5 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), EU na wengine.

Wachumi wengi walishauri lats ishushwe thamani. Tatizo ni kwamba siku lats inaposhuka, deni la nyumba linapanda siku hiyo hiyo kwa mtu ambaye mshahara wake haujaongezeka hata senti. Serikali ikakataa. Badala yake ilikata mishahara ya watumishi wa umma na kufunga baadhi ya shule na hospitali. Januari 2009 ghasia zilizuka Riga, na mwanzoni mwa 2010 karibu mtu mmoja kati ya watano wanaotafuta kazi hakuwa nayo.

Ukuaji ulirudi, na 1 Januari 2014 Latvia ikaanza kutumia yuro. Wapo wanaoiita hadithi ya mafanikio. Lakini sensa ya 2000 ilihesabu watu milioni 2.38, na ya 2011 ikakuta milioni 2.07. Si wote waliopungua walihama, kwani vifo pia vilizidi watoto wanaozaliwa. Hata hivyo vijana wengi walifungasha kwenda Uingereza na Ireland. Mpaka ulio wazi uliwaokoa wao, huku ukiiachia nchi pengo la wafanyakazi.

Zloti iliyoachwa ielee

Poland haikuifunga sarafu yake popote. Katikati ya 2008 yuro moja ilinunuliwa kwa takribani zloti 3.2, Februari 2009 ilikaribia 4.9. Bidhaa za Poland zikawa rahisi kwa Wajerumani, na za nje zikawa ghali kwa Wapoland, wakarudi kununua za nyumbani. Soko la watu milioni 38 si dogo. Barabara zilizokuwa zikijengwa kwa fedha za EU nazo ziliendelea kutoa ajira.

Usidhani hakuna aliyelia, lakini. Wapoland waliokopa nyumba kwa faranga za Uswisi waliona madeni yao yakivimba, na Januari 2015 faranga ilipopaa ghafla wakaumia tena. Kesi zao dhidi ya benki zilijaa mahakamani kwa miaka. Ni mtego ule ule wa Latvia, ila Poland walionaswa walikuwa sehemu ndogo ya nchi.

Kulikuwa na hatari nyingine: benki za nje zingeweza kukusanya hela zao na kuondoka kwa pamoja. Makubaliano yaliyoanza Vienna mapema 2009 yalizibana zibaki katika nchi kama Hungaria, Romania na Latvia. Mlango ulioingiza msukosuko ndio uliopitisha pia msaada.

Gesi, kisha umeme

Mwaka 2022 pigo lilitoka upande wa Urusi. Lithuania ilikuwa imejiandaa: tangu 2014 ilikuwa na meli ya kupokelea gesi ya kimiminika bandarini Klaipėda, iliyopewa jina Independence, yaani Uhuru. Ilipigiwa kelele kwamba ni ghali. Aprili 2022 nchi hiyo ikaacha kununua gesi ya Urusi. Mwezi huo huo Urusi iliikatia Poland, ambayo nayo ilikuwa na kituo chake cha gesi ya kimiminika, na Septemba ikafungua bomba la kutoka Norway.

Gesi ilipatikana, ila bei haikumsamehe mtu. Mfumuko wa bei ulipita asilimia 20 mwaka huo Estonia, Latvia na Lithuania.

Februari 2025 nchi hizo tatu zilijitoa kwenye gridi ya umeme iliyoratibiwa kutoka Moscow tangu enzi za Kisovieti, zikajiunga na ya bara la Ulaya. Njia inayoziunganisha na gridi hiyo mpya inapita mpakani mwa Lithuania na Poland. Kwa sasa ni moja tu; ya pili, Harmony Link, imepangwa.