Nuru Itanguliayo Kisu

Katika mwaka 1877 kulikuwa na mashindano ya maneno huko Ujerumani juu ya mto wa Danube. Karibu na Immendingen, maji ya mto huo huzama ardhini wakati wa ukavu, wala hapana aliyekuwa na hakika yaendako. Wataalamu wakamwaga mtoni kilo 10 za rangi iitwayo fluoresini. Baada ya saa 60 hivi, chemchemi ya Aach, iliyo mbali kwa kilomita 12 hivi, ikabubujika maji ya kijani yenye kung'aa. Siri ya ardhi ikafichuka pasipo kuchimbwa hata shimo moja.

Rangi hiyo iliundwa na Mjerumani Adolf von Baeyer katika mwaka 1871. Ajabu yake ni kwamba hunywa nuru ya buluu ikarudisha nuru ya kijani. Tabia ya namna hii ilikwisha elezwa na George Gabriel Stokes wa Cambridge katika mwaka 1852: nuru itokayo huwa na mawimbi marefu kuliko ile iliyoingia. Katika mwaka 1882 Paul Ehrlich aliitumia fluoresini kuchunguza maji yaliyomo ndani ya jicho. Hivyo rangi ikatoka mtoni ikaingia mwilini.

Mwili nao una mito yake, na una maradhi yajifichayo. Mojawapo ni saratani ya nyama laini, yaani misuli, mafuta, neva na mishipa, ambayo matabibu huiita sakoma. Zamani, mtu aliyeipata mguuni aghalabu alikatwa mguu mzima. Katika mwaka 1982 Steven Rosenberg na wenziwe huko Marekani walitangaza habari za wagonjwa 43. Baadhi yao walikatwa kiungo. Wengine waliondolewa uvimbe tu, kisha wakatibiwa kwa mionzi. Waliobaki na viungo vyao hawakuonekana kufa zaidi kuliko wale waliokatwa.

Habari hiyo ilikuwa njema, lakini ilimtwika mpasuaji mzigo mzito. Akikata kidogo mno, mabaki ya ugonjwa huota tena. Na asiyeziba ufa hujenga ukuta. Akikata kwa wingi mno, huenda akaharibu neva, na mguu uliookolewa usiweze kutembea. Kwa miaka mingi mwongozo wake chumbani mle ulikuwa macho yake na ncha za vidole vyake, navyo havitambui daima ukomo wa saratani.

Huko Minnesota, George Moore alijaribu kumpa mpasuaji msaada. Katika mwaka 1948 alieleza jinsi alivyowadunga fluoresini wagonjwa wenye uvimbe wa ubongo, na uvimbe ukang'aa chini ya taa maalumu. Lakini nuru ya kijani haipenyi nyama kwa urefu. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ilitengeneza rangi nyingine, indosianini ya kijani, ambayo ilitumiwa kwanza kupima mwendo wa damu na kazi ya ini. Marekani iliiruhusu katika mwaka 1959. Nuru yake haionekani kwa macho ila kwa kamera maalumu, nayo hupenya nyama vizuri zaidi.

Mishipa ya damu ya saratani hujengwa ovyo, nayo huvuja. Basi mgonjwa akidungwa rangi hii, tuseme siku moja kabla ya kupasuliwa, ini huisafisha kutoka katika damu, lakini sehemu yake hubaki imenaswa ndani ya uvimbe. Kamera ikielekezwa kwenye jeraha, uvimbe huonekana kama kaa la moto gizani.

Je, nuru hii yafaa kweli? Katika mwaka 2006 Walter Stummer na wenziwe huko Ujerumani walionyesha kwamba wagonjwa wa saratani ya ubongo waliokunywa dawa ya kuung'arisha uvimbe waliondolewa uvimbe wote ulioonekana kwa picha katika asilimia 65, ilhali waliopasuliwa kwa nuru ya kawaida walikuwa asilimia 36. Kwa sakoma, hospitali kadhaa zimeanza kuitumia indosianini na kuipima faida yake.

Hata hivyo, nuru si hakimu wa mwisho. Nyama yenye uvimbe wa jeraha huweza kung'aa bila saratani, na saratani iliyo chini sana huweza kufichwa na nyama iliyo juu yake. Kwa hiyo kipande kilichokatwa bado hupelekwa kwa mtaalamu wa darubini, atazame kingo zake.

Baeyer hakuunda rangi yake kwa ajili ya mguu wa mgonjwa, wala waliotaka kujua njia ya Danube hawakuwa matabibu. Kila mmoja alijibu swali lake kwa uaminifu, na aliyekuja nyuma akalikuta jibu hilo tayari, akalitumia kuuliza swali lake mwenyewe. Hivyo ndivyo elimu ikuavyo, na ndiyo sababu haifai kudharau swali dogo.